Hukumu ya Kuuza Ardhi Tupu kwa Haraka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Likunja ni kata ya Ruangwa, bara ya Lindi. Ni nchi ya mihogo, ufuta na mikorosho. Desturi ya wakulima wa nchi zile tangu zamani ni kulima konde miaka kadha, kisha kuliacha lipumzike mpaka majani na miti irudi. Mgeni apitaye huona pori. Mwenyeji hujua kwamba hili ni la fulani na lile ni la mayatima wa fulani. Ardhi ya namna hii ndiyo iuzwayo upesi kuliko zote, kwani haina nyumba wala mazao ya kumzuia muuzaji. Mnunuzi huja na fedha taslimu, akataka jambo limalizwe siku ile ile. Kuuza ni halali na kununua ni halali. Lakini ndani ya haraka ile yamo mambo manne ambayo Muislamu yampasa ayajue kabla hajapokea hata shilingi moja.

La kwanza: Je, muuzaji auza kilicho chake? Mtume, S.A.W., alimkataza Hakim bin Hizam kuuza asichokuwa nacho. Na tuchukue mfano. Mtu amekufa, ameacha mke, wana wawili wanaume na binti mmoja, na ardhi ya eka 40 ambayo haijagawanywa, naye hakuacha deni wala wasia. Mke ana thumuni, nayo ni eka 5. Zilizobaki ni 35: kila mwana mwanamume apata 14, na binti apata 7. Mwana mkubwa akiiuza ardhi yote kwa mnunuzi wa fedha taslimu, ameuza fungu lake la 14, na 26 zisizokuwa zake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, kauli yenye nguvu ni kwamba uuzaji wasihi katika fungu lake kwa sehemu yake ya thamani, na wabatilika katika mafungu ya wenziwe. Mnunuzi, ikiwa hakujua, ana hiari ya kuvunja. Na lile fungu lililosihi, washirika wana haki ya shufaa juu yake: waweza kulitwaa kwa bei ile ile aliyotoa mgeni, maadamu wameidai mara walipopata habari. Basi aliyedhani amemaliza jambo kwa siku moja, ameanzisha daawa ya miaka.

La pili: maandishi na mashahidi. Katika Surat al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe na mashahidi wawekwe watu wauzianapo. Na wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Ardhi ya vijiji ina amri nyingine pia. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, ardhi hiyo husimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na kumpa haki yake mtu asiye wa kijiji hicho kwataka idhini ya halmashauri. Karatasi iliyotiwa saini usiku nyumbani kwa dalali haitoshi. Pakitokea ugomvi, lipo baraza la ardhi la kijiji, la watu saba, na kati yao wanawake wasiopungua watatu. Hilo kazi yake ni kusuluhisha. Anayekataa jambo lake lisikiwe na kijiji, na ajiulize kwa nini.

La tatu: bei ya mwenye dhiki. Mgonjwa yu kitandani, au ada ya skuli yadaiwa, na mavuno bado. Mnunuzi aijuaye dhiki hiyo hushusha bei mpaka nusu, akasema, "Twaa sasa au niende zangu." Uuzaji wa mtu mzima, mwenye akili na kwa hiari yake, wasihi ingawa bei ni ndogo. Lakini kusihi mbele ya kadhi ni jambo moja, na kusalimika mbele ya Mola ni jambo jingine. Wanavyuoni wamechukia kumnunua mwenye dhiki kwa bei ya kumdhulumu. Wamesema asaidiwe, au akopeshwe bila riba, au anunuliwe kwa thamani ya kweli.

La nne: fedha itakwenda wapi? Imepokewa katika Ibn Majah kwamba auzaye nyumba au ardhi, asiitie thamani yake katika mfano wake, haelekei kubarikiwa. Watu wa Nachingwea wana mfano wao karibu. Baada ya mwaka 1947 serikali ya Kiingereza ilianza huko mradi mkubwa wa karanga. Fedha nyingi mno zilimwagwa, na reli ikajengwa kutoka Mtwara. Mwaka 1951 mradi ukavunjwa, na mwaka 1962 reli ikafungwa. Fedha zile zilikwenda na siku zake. Ardhi ipo, na watu wailima.

Suali: Mwenye haja ya fedha leo, naye ana ardhi tu, afanye nini?

Jawabu: Aanze kwa kukodisha. Ijara ya konde kwa msimu mmoja au miwili, kwa kodi ijulikanayo na muda ujulikanao, ni halali. Fedha hupatikana na ardhi hurudi. Ajihadhari na kuweka rehani mikorosho kwa sharti kwamba mkopeshaji ale korosho zake mpaka deni lilipwe, kwani mkopo uliowekewa sharti la manufaa kwa mkopeshaji ni riba. Ikiwa hapana budi kuuza, na auze kiasi cha haja, si yote. Mirathi igawanywe kwanza. Washirika waulizwe kabla ya wageni. Bei iulizwe kwa watu wawili watatu wasiokuwa na tamaa nayo. Kisha iandikwe, mchana, mbele ya kijiji.

Mnunuzi mwema atangoja siku saba mambo hayo yatimie. Asiyeweza kungoja siku saba kwa ardhi atakayowarithisha wanawe, haraka yake ina sababu, na sababu hiyo aghalabu ni haki ya mtu asiyekuwapo: mjane, yatima, au ndugu aliye safarini.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.