Visiwani Bila Presha: Vidokezo 7 vya Kukwepana na Kimbunga

Ruhusa kazini umepata, akiba ipo, na kundi la WhatsApp la safari limeshabadilishwa jina mara tatu. Kilichobaki ni kuhakikisha kimbunga nacho hakijapanga likizo wiki hiyohiyo! Usijali, Bahari ya Hindi ina tabia zake na zinajulikana.

1. Kalenda kwanza, bei baadaye
Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili. Kimbunga Chido kiliipiga Mayotte Desemba 14, 2024, katikati ya shamrashamra za mwisho wa mwaka. Ofa ya Februari kwenda Mauritius ikikukonyeza, ikonyeze nawe, ila uliza kwanza masharti ya kubadili tarehe. Hutaki wasiwasi kabisa? Nenda kati ya Juni na Septemba.

2. Pima umbali kutoka ikweta
Karibu na ikweta, mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuupinda upepo hadi uwe kimbunga. Ndiyo maana Mahé ya Shelisheli, kwenye nyuzi 4 na nusu kusini, haina hekaheka kama Mauritius iliyo nyuzi 20. Unguja, nyuzi 6, husalimika mara nyingi. Mara nyingi, si siku zote: kimbunga cha Aprili 1872 kilifyeka mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikapona. Na Mei 2024, miezi ya kawaida ya msimu ikiwa imeshapita, kimbunga Hidaya kikaitembelea Mafia.

3. Upepo ndio ukuchagulie ufukwe
Kusi likivuma, kuanzia Juni, Paje na Jambiani huko Unguja hujaa wachezaji wa tiara za majini, lakini mwogeleaji atafurahia zaidi Nungwi na Kendwa. Kaskazi likiingia, Desemba hadi Machi, mambo hugeuka: kaskazini mwa kisiwa ndiko kunakopigwa. Hujui upepo gani unavuma? Muulize mvuvi yeyote ufukweni. Atakujibu bila kutazama simu.

4. Jifunze rangi, si majina
Habari njema ni kwamba kimbunga huonekana siku kadhaa kabla hakijafika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa siku tano wenye rangi: njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Mauritius wanatumia daraja la 1 hadi la 4. Likitangazwa la 3, rudi hotelini ubaki humo. Na ile sauti ya WhatsApp isiyo na mwenyewe, "imetumwa mara nyingi"? Ifute.

5. Weka siku ya akiba
Usipange kutoka Unguja kwa boti asubuhi na kupanda ndege Dar mchana huohuo. Bahari ikichafuka, boti husimamishwa, na nahodha hatakuhurumia kwa sababu ya mkutano wako wa Jumatatu. Vuka siku moja kabla, ule urojo wa mwisho mapema.

6. Bima kabla ya ubatizo
Bima nyingi za safari hazilipi hasara ya kimbunga ambacho tayari kilikuwa na jina siku uliponunua. Kwa hiyo kata bima siku unayolipia tiketi, anga ikiwa bado nyeupe. Soma mstari unaotaja hali ya hewa; ule wenye herufi ndogo ndio wenyewe!

7. Kikifika, usidanganywe na utulivu
Chaji simu, jaza maji kwenye ndoo, pasi ya kusafiria itie kwenye mfuko wa plastiki, na uwe na pesa taslimu, maana umeme na mtandao vikikatika, kadi haina kazi. Kaa mbali na madirisha. Ghafla upepo ukinyamaza na jua likachungulia, usitoke kupiga picha: huenda ni jicho la kimbunga linapita. Upande wa pili unakuja, na upepo wake huvuma kutoka uelekeo wa kinyume. Subiri mamlaka itangaze kuwa ni salama.

Basi, kabla hujalipia hoteli, fungua utabiri na ramani. Ni kazi ya dakika tano, nawe utakuwa umeshawazidi wasafiri wengi. Safari njema!