Sauti Hazitoki kwa Fimbo

Wanaotaka kujua skizofrenia ni nini wawaulize wauguzi wa hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu, hapa Unguja. Wataelezwa vizuri, na hawatatozwa mbuzi. Hapa nimechagua, kutoka barua zenu, maswali yanayoninyima usingizi.

*Kijana wetu nyumbani ametulia. Tukimpeleka Forodhani usiku anaanza kubishana na wasioonekana. Je, pale ufukweni pana kitu?*

Pana kitu, bibie: pana moshi wa mishikaki, taa kali, wauzaji wanaokuitia kila upande na umati usioujua. Mwili wake unayapokea yote hayo kama hatari. Moyo humwenda mbio, viganja humtoka jasho, na sauti nazo hupanda. Mpeleke mapema alasiri, kabla meza za vyakula hazijapangwa. Bahari ni ile ile.

*Anajifanya. Mbona akiitwa kula anasikia?*

Hajifanyi. Picha za ubongo zilizopigwa watu wakiwa wanasikia sauti hizo zimeonyesha sehemu za lugha zikifanya kazi. Wali anausikia, na sauti anazisikia.

*Akipigwa kidogo hutulia. Si ndiyo dawa?*

Barua za namna hii zimetoka Malindi, Mwembetanga na shamba. Nyingine zinasema "kumkaripia", nyingine "kumfunga kamba", moja inasema "kumtia adabu shetani". Nazijibu pamoja, tena kwa kirefu, maana uongo huu umekaa sana.

Mtu akitishwa, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini papo hapo; kortizoli hufuata baada ya dakika chache na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Ndani ya ubongo, dhiki huongeza dopamini, na dopamini ndiyo hasa ambayo dawa kama haloperidoli huizuia isifanye kazi kupita kiasi. Kwa hiyo asubuhi mnampa kidonge, na adhuhuri mnakifuta kwa mkwaju. Huko kunyamaza mnakokuita kutulia ni woga. Muulizeni usiku sauti zinamwambia nini.

Madhara ya ukali nyumbani yalipimwa. London, George Brown na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliorudishwa makwao, na mwaka 1972 wakatoa hesabu yao. Katika nyumba zenye lawama, uhasama au wasiwasi uliopita kiasi, asilimia 58 waliugua upya ndani ya miezi tisa. Kwenye nyumba tulivu walikuwa asilimia 16. Someni tena hapo penye wasiwasi: mama anayemfuata mwanawe hadi mlango wa choo, akimuuliza kila saa "unasikia nini sasa?", naye anamchosha, ingawa ni kwa mapenzi.

Wala utulivu si mambo ya Wazungu. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Juli McGruder, alizichunguza familia za hapa Unguja zenye wagonjwa hawa. Alikuta nyumba ambamo shetani huhesabiwa kuwa huja na kuondoka, kwa hiyo mgonjwa halaumiwi. Siku akijiweza, anafanya kazi, asipojiweza, anaachwa. Bibi zetu walilijua hili bila kupima kortizoli. Fimbo mmeitoa wapi?

*Mwalimu anamsomea na kumpa kombe. Tuache?*

Msiache. Kombe la zafarani halina ugomvi na sindano ya dawa ya kila mwezi. Mwenye ugomvi ni yule mganga anayesema vidonge "vinamkasirisha jini", kisha anauza chupa yake kwa bei ya kitanda. Huyo mkimbieni.

*Dawa zinamkakamaza na kumtetemesha, tumezikata.*

Mmekosea. Rudini hospitali: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, na ipo ya kuondoa mkakamao. Kukata ghafla ni kuzialika sauti.

*Bangi inamtuliza, anasema.*

Inazidisha sauti. Mirungi pia.

*Sauti zinamwamuru ajiue.*

Msimwache peke yake hata dakika moja, na mpelekeni hospitali sasa hivi.

*Nimjibuje akisema ukuta unamtukana?*

Usibishane naye, wala usimwitikie kwamba nawe unausikia. Mwambie: "Mimi sisikii, mwanangu, lakini naona unaudhika." Kisha zima redio, wapunguze watu chumbani, mpe kazi ya mikono, hata kuchambua mchele.

*Ramadhani anywe dawa saa ngapi?*

Muulizeni daktari wake kabla mwezi haujaandama. Vidonge vingi huhamishiwa futari na daku. Dozi msiipunguze wenyewe. Na alale: kukesha hadi daku usiku baada ya usiku kunatosha kumrudisha wodini kabla ya Idi.