Dondoo muhimu: Mlo wa sato na afya ya moyo wake

Sato wa bwawani hula unachompa, na chakula kibovu au kilichozidi huishia kumdhuru ini na moyo.

• Nusa chakula kabla ya kumwaga. Kikinuka mafuta yaliyochacha, kiache: mafuta hayo huharibu vitamini E, na vitamini hiyo ikipungua, misuli ya moyo hudhoofika.
• Gunia lisikae sakafuni wala karibu na bati lenye joto. Liweke juu ya mbao, pakavu, na lisizidi miezi 3.
• Pumba au mashudu yenye ukungu yatupwe. Kuyaanika upya hakuondoi sumukuvu, hata muuzaji akiapa.
• Pumba za mahindi peke yake si mlo. Sato anayekua huhitaji protini ya asilimia 25 hadi 30 hivi, vifaranga zaidi.
• Wakubwa wape asilimia 2 hadi 3 ya uzito wao kwa siku. Punje zikielea bado baada ya dakika 15, umezidisha.
• Usilishe alfajiri. Oksijeni huwa chache majini, na samaki aliyeshiba huitaka zaidi. Saa 3 au 4 asubuhi inatosha.
• Siku ya kuvua, pasua mmoja. Moyo uko chini ya koo, nyuma ya matamvua. Ukikuta mafuta meupe yameuzunguka na ini limepauka, punguza chakula.
• Wakigoma kula ghafla, usikimbilie duka la dawa. Pima maji, kisha mwite afisa uvuvi.