Kiwanja Kilichobaki Vitabuni

Katika mji wa New York, upande uitwao Brooklyn, zimesimama nyumba ndefu za ghorofa wanamokaa jamaa zaidi ya elfu moja. Mgeni apitaye hapo haoni jambo la kumstaajabisha. Aona madirisha, ngazi, na watoto wakitoka shule. Lakini zamani mahali pale palikuwa na kiwanja cha mchezo wa besiboli, jina lake Ebbets Field. Kilivunjwa mwaka wa 1960, na mtu atakaye kukiona leo hana budi kukisoma. Wamarekani wameandika vitabu vingi sana juu ya wachezaji wao mashuhuri na viwanja vyao vya zamani, na vingi vya vitabu hivyo hurudi pale pale Brooklyn. Na tutazame kwa nini.

Kwanza yafaa kuueleza mchezo wenyewe, kwa kuwa wengi wetu twajua mpira wa miguu tu. Besiboli huchezwa na watu tisa kila upande. Mpira wake ni mgumu, kiasi cha chungwa dogo, umevikwa ngozi nyeupe iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Mtu mmoja huurusha kwa nguvu nyingi; mpinzani wake husimama mbali naye kiasi cha futi 60, ameshika gongo la mti mfano wa mchi mrefu, akajaribu kuupiga. Akiupiga vema hulitupa gongo, akakimbia. Kuna vituo vinne vilivyopangwa pembe nne, na kutoka kituo hata kituo ni futi 90. Mkimbiaji akivizunguka vyote, akarudi pale alipoanzia, mahali paitwapo nyumbani, upande wake umepata moja. Tena mkimbiaji hodari aweza kuondoka kituoni na kukimbilia kituo cha mbele wakati mrushaji angali akitupa mpira. Jambo hilo wao huliita kuiba, na mwizi wa namna hiyo hushangiliwa badala ya kufungwa.

Sasa angalia neno moja. Ile pembe nne ya vituo ina kipimo kimoja kila mahali, lakini ukuta wa nje hauna. Wajenzi wa zamani waliweka ukuta pale njia ya mji ilipowazuia. Ndiyo sababu kila kiwanja kina tabia yake kama mtu. Katika Fenway Park ya Boston, kilichofunguliwa mwaka wa 1912 na kinachotumika hata leo, ukuta wa kushoto u karibu, lakini urefu wake kwenda juu ni futi 37, nao umewanyima wapigaji wengi furaha. Katika Wrigley Field ya Chicago, cha mwaka wa 1914, ukuta umefunikwa na mimea itambaayo iliyopandwa mwaka wa 1937, na mpira ukinasa katika majani yale, mpigaji hupewa vituo viwili bila kukimbizana. Mtu mmoja, Philip Lowry, alikusanya vipimo na visa vya viwanja vya namna hii, akavitia katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1986. Ni kitabu cha hesabu zaidi kuliko hadithi, na bado watu hukisoma kwa mapenzi.

Ebbets Field kilikuwa na tabia kuliko vyote. Charles Ebbets, mwenye timu ya Brooklyn, alikitafutia mahali ambapo hapana mtu aliyepataka. Palikuwa shimo la takataka, na kwa kuwa nguruwe walikuja kula pale, watu walipaita Mji wa Nguruwe. Ebbets alinunua vipande vya ardhi kimoja kimoja kwa siri, wenyewe wasije wakapandisha bei. Kiwanja kikafunguliwa mwaka wa 1913. Mlangoni palikuwa na ukumbi wa duara wenye sakafu ya marumaru, na juu yake ilining'inia taa kubwa ambayo mikono yake ilifanywa mfano wa magongo, na vioo vyake mfano wa mipira. Ndani, nafasi ilikuwa ndogo. Hata kilipopanuliwa kilichukua watu 32,000 tu au karibu yake, nao waliketi karibu sana hata mchezaji aliweza kusikia maneno yao. Mwanamke mmoja, Hilda Chester, alizoea kuja na kengele ya ng'ombe, akaipiga mpaka sauti yake ikajulikana na nchi nzima. Upande wa kulia ukutani palikuwa na tangazo la mwuza nguo, Abe Stark, kwamba mchezaji atakayelipiga kwa mpira atapewa suti bure. Lakini tangazo lilikuwa chini, na mbele yake alisimama mlinzi hodari, basi suti zilizotoka hazikuwa nyingi.

Hayo yote ni mapambo. Jambo lililokifanya kiwanja hiki kiandikwe na wenye historia lilitokea tarehe 15 Aprili 1947.

Tangu miaka ya 1880 wenye timu kubwa za Marekani walikuwa wamepatana, pasipo kuandika sheria yo yote, wasimchukue mchezaji mweusi. Watu weusi wakawa na timu zao na viwanja vyao, na wengi wa wachezaji wao hawakupungukiwa na kitu ila ngozi iliyotakiwa. Jackie Robinson alizaliwa katika hali hiyo mwaka wa 1919, huko Cairo, mji mdogo wa Georgia, mjukuu wa mtumwa. Baba aliiacha nyumba, na mama, Mallie, akawachukua watoto watano akahamia nao California, akawalea kwa kazi ya kufua na kusafisha nyumba za watu. Jackie alikuwa kitinda mimba. Katika chuo kikuu cha UCLA alishinda katika michezo minne. Vitani alikuwa afisa wa jeshi. Na mwaka wa 1944 dereva wa basi alipomwamuru aende kuketi nyuma, alikataa. Alishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi, wakamwona hana hatia.

Yaweke moyoni hayo ya basi, kwa kuwa ndiyo yatakayokueleza uzito wa yanayofuata. Tarehe 28 Agosti 1945 Branch Rickey, mkuu wa timu ya Brooklyn, alimwita Robinson ofisini kwake. Alimwambia kwamba ataka kumchukua, kisha akaanza kumtukana. Alijifanya karani wa hoteli anayemfukuza, akajifanya mchezaji anayemkanyaga, akamnyoshea ngumi usoni. Robinson akamwuliza kama atafuta mtu mwoga asiyeweza kupigana. Rickey akajibu kwamba atafuta mtu mwenye ushujaa wa kutosha asirudishe pigo. Tena alikuwa na kitabu cha Papini, mwandishi wa Italia, juu ya maisha ya Yesu, na humo wakasoma habari za kugeuza shavu la pili. Mtu aliyekataa kuondoka katika kiti cha basi akaahidi kunyamaza.

Siku ya kwanza watu zaidi ya 25,000 walikuja Ebbets Field, wengi wao weusi. Robinson, mwenye umri wa miaka 28, alisimama katika kituo cha kwanza, amevaa namba 42 mgongoni. Hakupata pigo zuri hata moja siku ile, ila alizunguka vituo mara moja, na Brooklyn wakashinda 5 kwa 3. Juma moja baadaye wakaja watu wa Philadelphia. Kiongozi wao, Ben Chapman, na wachezaji wake walimpigia makelele ya matusi juu ya rangi yake, mchezo baada ya mchezo. Robinson hakujibu neno.

Hapa ndipo vitabu vinapoanza kutufundisha kazi ya kusoma. Siku zile zile magazeti yalichapa makala yenye jina la Robinson; aliyemsaidia kuyaandika ni Wendell Smith wa gazeti la Pittsburgh Courier, mweusi mwenzake aliyesafiri pamoja naye. Katika makala hayo imesemwa kwamba matusi ya Philadelphia hayakumsumbua sana. Mwaka wa 1948 wawili hao walitoa kitabu cha kwanza cha maisha yake. Miaka ishirini na minne ikapita. Mwaka wa 1972 Robinson, sasa mwenye mvi, mgonjwa wa kisukari, macho yake karibu kupofuka, akatoa kitabu kingine pamoja na Alfred Duckett. Humo asema kwamba siku ile ya Philadelphia ilimkaribisha kuvunjika kuliko siku nyingine zote, na kwamba alitamani kulitupa gongo, awaendee wale watu na kuwapiga. Asema pia kwamba baadaye alipotakiwa kupigwa picha pamoja na Chapman, ili watu waone kwamba mambo yametulia, ilikuwa moja ya kazi ngumu mno maishani mwake. Alikufa mwaka uo huo wa 1972, tarehe 24 Oktoba, na umri wake ulikuwa miaka 53.

Je, Robinson wa mwaka wa 1947 alisema uwongo? Sidhani. Ahadi ya kunyamaza haikufunga mikono tu, ilifunga na kalamu. Kama angaliandika maneno ya uchungu mwaka ule, wale wasiomtaka wangalisema, tazameni, mtu mweusi hawezi kuvumilia. Na mlango ungalifungwa nyuma yake kwa wote waliokuwa wakingoja. Kwa hiyo asomaye kitabu kimoja tu cha mtu huyu hupata nusu ya mtu. Mwaka wa 1949 Rickey alimfungulia ahadi yake, naye Robinson akawa mwepesi wa kuwajibu waamuzi na wapinzani. Mwaka uo huo akachaguliwa mchezaji bora wa ligi yake. Wengi waliompenda akiwa kimya hawakumpenda aliposema. Katika maisha yake ya mchezo aliiba kituo cha nyumbani mara 19, na hicho ndicho kigumu kuliko vyote.

Kuna kisa kingine kipendwacho mno. Husimuliwa kwamba Pee Wee Reese, mzungu wa Kentucky na nahodha wa Brooklyn, aliwasikia watazamaji wakimzomea Robinson, akaenda akamwekea mkono begani mbele ya wote. Mwaka wa 2005 sanamu ya wawili hao ilisimamishwa Brooklyn. Lakini wengine husema ilikuwa Cincinnati mwaka wa 1947, na Robinson katika kitabu chake cha mwisho asema ilikuwa Boston, na waliozomea walikuwa wachezaji. Wenye historia hawajapatana. Urafiki wao haubishaniwi na mtu. Mahali na siku ndivyo vinavyobishaniwa. Sanamu haiwezi kuandika chini yake kwamba labda ilikuwa mahali pengine, lakini kitabu chaweza, na hiyo ni faida moja ya vitabu juu ya sanamu.

Katika vitabu vyote vya Brooklyn, kile ambacho mimi ningempa mtu kwanza ni cha Roger Kahn, cha mwaka wa 1972. Kahn alizaliwa Brooklyn, na katika miaka ya 1952 na 1953 alifuatana na timu akiandikia gazeti. Baadaye, wachezaji walipokwisha kuzeeka, aliwatafuta mmoja mmoja makwao. Carl Furillo, mlinzi yule aliyesimama mbele ya tangazo la suti, alimkuta akifanya kazi ya kufunga lifti katika majengo marefu ya New York yaliyokuwa yakijengwa. Roy Campanella, mdakaji mweusi aliyekuwa na nguvu kama fahali, alikuwa katika kiti cha magurudumu tangu ajali ya motokaa ya mwaka wa 1958. Vitabu vingi vya mashujaa huishia siku ya ushindi. Brooklyn nao walikuwa na siku yao, mwaka wa 1955, walipowashinda Yankees. Kahn alitaka kujua shujaa hufanya nini asubuhi ya baadaye.

Kiwanja chenyewe hakikudumu. Mwenye timu, Walter O'Malley, alitaka kiwanja kikubwa zaidi, hakukipata Brooklyn, akaihamisha timu mpaka Los Angeles mwaka wa 1958. Mchezo wa mwisho ulikuwa tarehe 24 Septemba 1957, na waliokuja kuuaga hawakufika 7,000. Mwaka wa 1960 wavunjaji walikuja na pande la chuma lililopakwa rangi nyeupe na mishono myekundu, mfano wa mpira, wakaanza kubomoa. Mtu aliyefikiri mzaha ule alidhani unapendeza.

Namba 42 iliondolewa katika timu zote kubwa mwaka wa 1997, asiivae tena mchezaji mpya. Ila kila tarehe 15 Aprili, tangu mwaka wa 2009, wachezaji wote huivaa kwa pamoja. Huku kwetu jina la Robinson lilifika kwa njia nyingine. Mwaka wa 1959 Tom Mboya alipotafuta fedha za kuwapeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani, Robinson na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier walitia sahihi barua ya kuwaomba watu msaada, na wanafunzi 81 wakasafiri mwaka uo huo. Katika safari za mwaka uliofuata alikuwamo Wangari Maathai. Na David, mwana wa Robinson, alikuja kukaa Tanzania, akalima kahawa Mbozi.

Maswali. Kwa nini kuta za viwanja vya besiboli hazilingani? Rickey alitaka ushujaa wa namna gani, na kwa nini ulikuwa mgumu hasa kwa Robinson? Linganisha yaliyoandikwa mwaka wa 1947 na yale ya mwaka wa 1972 juu ya matusi ya Philadelphia. Mtafute mzee mmoja wa kwenu aliyepata kushinda katika mchezo, mwulize habari za siku ile, kisha mwulize na mtu mwingine aliyekuwapo. Andika palipo na tofauti.