Somo la Pikipiki: Kuosha Injini Kabla ya Vuno

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita nilifunga gunia la karafuu kavu nyuma ya pikipiki yangu, pembe yake ikining'inia karibu na injini, nikaenda nalo kituoni. Mnunuzi aliinama, akanusa, kisha akanionyesha doa jeusi chini ya gunia. Injini ilikuwa ikivuja oili, nami sikujua, kwani ilikuwa imefunikwa na uchafu wa mwaka mzima. Gunia lilirudishwa, wala sikuwa na wa kumlaumu. Karafuu ni mali ya harufu. Ikishika harufu ya oili, thamani yake imekwisha.

Basi yafaa tujue kwa nini injini huoshwa. Si kwa ajili ya kung'aa. Kwanza, injini nyingi za pikipiki zetu hupozwa na upepo. Zile mbavu nyembamba zilizoizunguka silinda ndizo zitoazo joto nje. Zikijaa grisi na udongo, joto hubaki ndani, oili huwa nyepesi mno, na vyuma husagana. Pili, injini safi huonyesha mahali inapovuja. Chafu huficha.

Vitu vinavyotakiwa ni mafuta ya taa nusu kikombe, brashi ya manyoya, sabuni, maji na matambara. Fanyeni hivi:

1. Iacheni injini ipoe kabisa. Mafuta ya taa huweza kutoa mvuke wa kushika moto yakipata joto la kama digrii 38 au zaidi, na injini iliyotoka safarini ina joto kupita hapo.

2. Iwekeni pikipiki nje penye upepo, mbali na jiko, sigara, kisima na majamvi ya karafuu.

3. Fungeni mdomo wa bomba la moshi na mlango wa kuvutia hewa kwa kipande cha nailoni. Plagi msiifungue, maana maji yataingia katika silinda.

4. Kwangueni tope lililoganda kwa kijiti. Msitumie mchanga wala brashi ya chuma.

5. Chovyeni brashi katika mafuta ya taa, msugue tangu juu kwenda chini, hasa baina ya zile mbavu. Jihadharini yasiguse breki wala mipira. Breki yenye mafuta haishiki.

6. Ngojeni kama dakika kumi, kisha sugueni kwa maji ya sabuni, msuuze kwa kata polepole. Pampu ya nguvu husukuma maji ndani ya mihuri na nyaya.

7. Futeni, ondoeni nailoni, muache injini ikauke. Tieni cheni oili kidogo.

Maji machafu yamwagwe mbali na kisima na mashina ya mikarafuu. Mikono ioshwe vyema kwa sabuni kabla ya kugusa karafuu.

Wako wanaotumia petroli kwa sababu hukata grisi upesi. Nawasihi muache. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata wakati wa baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini mpaka ufike jikoni, na mwenye kuosha asiuone.

Kazi haijaisha hapo. Endesheni siku moja bila mzigo, kisha chungueni kwa kitambaa cheupe: chini ya nati ya kumwagia oili, na pale vipande viwili vya injini vinapokutana. Mkiona unyevu mpya wa oili, mpelekeeni fundi kabla ya kupakia gunia. Gasketi moja ni rahisi kuliko injini, tena ni rahisi kuliko gunia la karafuu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Vuno haliko mbali. Kila mwenye pikipiki na aiangalie yake kabla karafuu ya kwanza haijaanikwa.

Wabillahi tawfiq.

Katibu