Kichupa Kimoja, Watoto Watatu: Kuagiza na Kugawa Chanjo kwa Haki

Katika maeneo kama Mlali, wilayani Kongwa, vitongoji vimetawanyika, na mama huweza kutembea mwendo mrefu kuifikia zahanati. Akifika na mtoto wa miezi 9 akaambiwa, "Rudi wiki ijayo, mama, watoto hawajatosha kufungua kichupa," mtoto huondoka bila kinga ilhali chanjo imo jokofuni. Somo hili laonyesha kwamba mara nyingi kosa hilo huanzia kwenye fomu ya kuagizia.

Kwa nini dozi hupotea

Nchini Tanzania, chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto afikapo miezi 9, kisha miezi 18. Huja ikiwa unga katika kichupa cha dozi 10. Ikishachanganywa na maji yake, masalio hutupwa kliniki inapofungwa au baada ya muda wa saa 6, lolote litakalotangulia, kwani vijidudu huweza kuota ndani yake. Wakija watoto watatu, dozi saba zitamwagwa. Huo si uzembe. Ndiyo gharama ya kuwafikia waishio mbali. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kufungua kichupa hata kwa mtoto mmoja.

Hesabu ya oda

Tuseme kila mwezi zahanati ina watoto 20 wanaotimiza miezi 9 na wengine 20 wanaotimiza miezi 18.

1. Mahitaji ni dozi 40.
2. Ikiwa nusu ya dozi hupotea, zidisha kwa 2: dozi 80.
3. Ongeza akiba ya robo, yaani 20: dozi 100.
4. Toa zilizopo jokofuni, tuseme 30: agiza dozi 70, yaani vichupa 7.

Agiza pia maji ya kuchanganyia yanayolingana na vichupa hivyo, pamoja na mabomba ya sindano. Usinakili oda ya mwezi uliopita: kama chanjo iliisha katikati ya mwezi, matumizi yale yanaonyesha upungufu, hayaonyeshi mahitaji.

Usawa na haki

Kugawa vichupa kwa idadi sawa kwa kila kituo huonekana kuwa usawa, lakini si haki. Kituo cha afya chenye watoto wengi hukimaliza kichupa kwa siku moja. Zahanati ndogo hutupa zaidi, hivyo yahitaji dozi nyingi zaidi kwa kila mtoto. Chanjo zikipungua wilayani, kila kituo kipewe kiasi kitakachokitosha kwa idadi ileile ya wiki. Penye ziada, ihamishwe kwa kibali cha mratibu wa chanjo wa wilaya, ikiwa katika nyuzijoto 2 hadi 8, na iandikwe katika leja za pande zote mbili. Itangulie kutumika ile inayokaribia kwisha muda wake, au ambayo alama ya joto ya kichupa imeanza kubadilika bila kufikia kiwango cha kutupwa.

Wajibu wa mzazi

Mzazi, mwandikishe mtoto katika zahanati iliyo karibu, hata kama umehamia kwa msimu wa kilimo au malisho. Mtoto asiyeandikwa haingii katika hesabu, na chanjo yake haiagizwi. Tunza kadi yake, uulize tarehe ya kurudi. Ukiambiwa watoto hawajatosha, omba kwa heshima mtoto wako achanjwe siku hiyohiyo.

Mhudumu, unapoijaza fomu mwezi huu, jiulize: ni watoto wangapi walirudishwa nyumbani, na je, wamo katika oda yako?