Kuchagua Kitabu na Video ya Kujifunzia Mandolini

Tangu chama chetu cha muziki kilipopewa mandolini moja, wazazi kadhaa wameniuliza wawanunulie watoto wao kitabu gani, na wanafunzi nao hawaachi kuniuliza video ipi iliyo nzuri. Nimeona heri niwajibu wote hapa, nikianza na kosa langu mwenyewe, maana limetugharimu.

Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi nane. Nyuzi hizo hufungwa mbili mbili, kila jozi sauti moja, na kwa hiyo wapigaji huzihesabu kuwa nne tu. Katika karne ya 18 mafundi wa Napoli, nchini Italia, waliijenga ikiwa na mgongo wa mviringo, nao wazee wetu wa pwani wakiiona hudhani ni udi mdogo. Ile yetu ina mgongo ulio karibu na bapa, namna iliyoanza Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Tofauti hiyo isiwatishe wanunuzi, kwa kuwa zote mbili hupatanishwa sawasawa: uzi mnene ni G, kisha D, kisha A, na uzi mwembamba ni E.

Basi, muhula wa kwanza nilimchagulia msichana mmoja wa Kidato cha Pili video ya mwalimu mmoja wa ng'ambo. Niliichagua kwa sababu mwalimu yule alipiga vizuri mno. Sikuitazama kwanza hata mwisho. Sheria ya shule hairuhusu wanafunzi kuwa na simu, kwa hiyo nilimwachia kompyuta yangu katika chumba cha muziki, pamoja na kile kifaa kidogo cha kupatanishia kinachobanwa kwenye kichwa cha ala na kuonyesha herufi ya sauti. Mimi nikaenda kusahihisha madaftari.

Mwalimu wa kwenye video akasema, "Uzi wa kwanza ni E." Hakuonyesha kwa kidole uzi wa kwanza ni upi. Mwanafunzi wangu akaanza kuhesabu kutoka juu, penye uzi mnene, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya. Akaukaza uzi wa G akiitafuta E. Kifaa kilikuwa bado hakijaonyesha herufi hiyo uzi ulipokatika na kumchapa shavuni, chini kidogo ya jicho. Alama ilikaa wiki nzima. Na kwa kuwa nyuzi za mandolini hazipatikani katika maduka ya mji wetu, tulikaa bila kupiga hadi nilipopata mtu wa kunitafutia Dar es Salaam. Msichana yule alikuwa apige siku ya kufunga shule, na wazazi wake walikuwa wamealikwa. Hakupiga. Lililoniuma zaidi ni kwamba alikuja kuniomba msamaha, akiamini kwamba kosa ni lake.

Wanafunzi wa fizikia wataweza kueleza kwa nini uzi ulikatika. Nguvu inayouvuta uzi haiongezeki sambamba na mitetemo: ukitaka mitetemo iwe maradufu, hapana budi mvuto uwe mara nne. Uzi wa G hutetemeka mara 196 kwa sekunde, na E iliyo juu yake kwa karibu ni 330. Gawanyeni 330 kwa 196, kisha jibu mlizidishe kwa lenyewe, mtapata karibu 2.8. Yaani tuliutaka uzi ule ubebe karibu mara tatu ya mzigo wake wa kawaida.

Tangu hapo, kabla ya kumpa mwanafunzi video yoyote, naitazama yote mwenyewe, tena nikiwa na mandolini mkononi. Natazama kwanza jinsi anavyofundisha kupatanisha. Je, anaonyesha kila uzi kwa kidole? Je, anaupiga polepole uusikie? Mwalimu anayekuja mbele ya kamera na ala iliyokwisha kupatanishwa, akaanza kupiga moja kwa moja, huyo anawafundisha watu wanaojua tayari.

Pili natazama mkono wa kulia. Wanafunzi wengi hukodolea macho vidole vya mkono wa kushoto, lakini sauti ya mandolini hutoka kulia, kwa kile kipande cha plastiki ambacho wapiga udi hukiita risha. Kujua lini kishuke na lini kipande ni nusu ya kazi yote. Kwa mtindo wa Napoli, sauti ndefu hupatikana kwa kukitetemesha risha juu na chini mbio mbio. Jambo hili huitwa tremolo, na halijifunzwi kwa maneno. Hapa ndipo video inapokishinda kitabu, kwa sharti kwamba kamera iko karibu na mikono yote miwili inaonekana. Kamera inayotazama uso wa mwalimu akitabasamu haina faida. Faida nyingine ni kwamba video nyingi huweza kupunguzwa mwendo hadi nusu bila sauti kushuka, nasi hutumia njia hiyo kila Alhamisi.

Lakini msifuate kila kinachopendeza. Vijana wawili wa Kidato cha Nne waliniletea kwa furaha video za U. Srinivas wa India, aliyefariki mwaka 2014. Ni fundi wa ajabu, nami nawasihi wote wamsikilize. Hata hivyo mandolini yake ilikuwa ya umeme, yenye nyuzi moja moja badala ya jozi, naye alipiga muziki wa Karnataka. Mwanzaji mwenye ala kama yetu atamwiga nini?

Sasa vitabu. Wapo wanaoshika kitabu cha gitaa wakidhani nyuzi ni nyuzi. Nyuzi nne nene za gitaa ni E, A, D, G. Za mandolini ni G, D, A, E. Ni mpangilio ule ule uliogeuzwa kichwa chini, na vidole vilivyozoea gitaa vitapotea njia kila mara. Lakini kitabu cha fidla chafaa kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa fidla ya Kizungu hupatanishwa sawa na mandolini. Hata alama za kushusha na kupandisha upinde mwaweza kuzisoma kama alama za risha. Kilichokosekana humo ni tremolo, ambayo mtaichukua katika video.

Kwa kitabu cha mandolini chenyewe, fungueni kurasa za mwanzo dukani. Kikiandika muziki kwa tablatura peke yake, yaani mistari minne yenye tarakimu za mahali pa kuweka kidole, mtoto atapiga wimbo siku ile ile, ila atakwama akitaka kupiga pamoja na wenzake wanaosoma nota. Kikiwa na nota tupu, wengi watakata tamaa kabla ya ukurasa wa kumi. Mimi napendelea chenye vyote viwili, kimoja chini ya kingine. Wenye bidii waweza kutafuta katika intaneti mazoezi ya Carlo Munier, Mwitalia aliyefariki mwaka 1911. Ni magumu, lakini nota hazihitaji mtu ajue Kiitaliano.

Mzazi mwenye fedha za kitu kimoja tu asinunue kitabu bado. Anunue seti mbili za nyuzi.

Kitabu cha chama kipo katika kabati la pili la maktaba, na video tatu nilizozichuja zimo katika kompyuta ya chumba cha muziki. Ufunguo anao yule msichana wa Kidato cha Pili. Ndiye anayewaonyesha wageni wote uzi wa kwanza ni upi, nao hawaruhusiwi kugusa funguo za mandolini mpaka wamwonyeshe na wao. Siku ya kufunga muhula huu atapiga nyimbo mbili, saa nne asubuhi, katika bwalo.